Umepewa uinchaji wa wodi? Anzia hapa kabla hujabandika hata karatasi moja ukutani

Uinchaji, yaani kusimamia wodi na wauguzi wake, kwenye hospitali zetu nyingi unakuja ghafla. Jana ulikuwa unashika zamu kama wenzako, leo metroni anakuita ofisini anakwambia kuanzia Jumatatu wodi ya wazazi ni yako, unakabidhiwa funguo na daftari la vifaa, unapewa hongera na pole kwa pamoja, basi. Chuoni tulifundishwa kuchoma sindano, kusoma patografu (ile chati ya maendeleo ya uchungu), kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, ila namna ya kumwongoza mwenzako ambaye juzi tu mlikuwa mnamsengenya pamoja inchaji wa zamani, hiyo hakuna aliyetufundisha. Mwongozo huu ni wa huyo mtu, hasa aliyeko hospitali ya wilaya au kituo cha afya hapa Tanzania, mwenye stafu pungufu, BP mashine ya kugombania na mganga mfawidhi ambaye jibu lake ni bajeti hakuna. Sisemi kila kitu kinawezekana bila hela, ila kuna sehemu kubwa ya ubora wa huduma iko mikononi mwa inchaji na haihitaji saini ya mtu mwingine, tuanze na hiyo.

Wiki mbili za mwanzo, angalia tu

Kishawishi cha kwanza ni kuitisha kikao na kutangaza sheria mpya. Subiri. Hujaijua wodi bado hata kama umefanya kazi humo miaka, maana ulikuwa unaijua kwa zamu zako tu.

Njoo siku moja saa kumi na moja alfajiri. Hujaja kuvizia aliyesinzia, tena usimmulike mtu tochi ya simu usoni, umekuja kuona wodi inakuwaje nesi akiwa mmoja na wagonjwa wamejaa mpaka chini. Hesabu anakwenda stoo mara ngapi. Anatafuta nini. Kuna wodi muuguzi wa usiku anatumia muda mwingi kutafuta vitu kuliko kuhudumia wagonjwa, glavu ziko kabati lililofungwa, funguo iko kwa inchaji, inchaji yuko kwake amelala, halafu asubuhi huyo huyo inchaji anauliza kwa nini mgonjwa hakubadilishwa kidonda.

Waulize wahudumu wa usafi, hawa wanaijua hospitali kuliko mtu yeyote, wanajua koki gani haitoi maji, nesi gani wagonjwa wanamkimbilia na yupi wanamwogopa, takataka zenye damu zinaishia wapi zikitoka wodini. Halafu kaa na ndugu wa wagonjwa pale nje wanaposubiri muda wa kuona wagonjwa, uliza swali moja tu, kuna wakati mliita nesi hamkumpata? Usijitetee. Andika, nenda zako.

Kukabidhiana zamu: hapa ndo pa kuanzia

Kama utafanya jambo moja tu katika yote niliyoandika, fanya hili. Wodi nyingi zamu inakabidhiwa mezani, anayetoka amebeba mkoba tayari anasoma daftari haraka haraka, kitanda namba 1 yuko stebo (hali imetulia), namba 2 stebo, namba 3 anaendelea na dawa, aliyeingia anaitikia huku anavua viatu vya barabarani, dakika tano imekwisha. Saa mbili baadaye namba 7 anakutwa dripu imekauka na kanula (kile kisindano cha dripu kwenye mshipa) imevimba na hakuna anayejua tangu saa ngapi.

Hamishia kitandani. Anayetoka na anayeingia wanapita pamoja, wanaanza na wagonjwa walio mahututi, wapate muda kabla watu hawajaanza kuchoka. Kila mgonjwa mambo ni haya: ni nani na kalazwa kwa nini, kimetokea nini kwenye zamu hii, hali yake saa hii ikoje, na kipi hakijakamilika. Hilo la mwisho ndo linalosahaulika sana, majibu ya maabara yanayosubiriwa, damu iliyoombwa haijaja, dozi ya saa mbili haijapewa kwa sababu dawa iliisha. Wakati mdomo unaongea macho yanaangalia, kanula ina rangi gani, mfuko wa mkojo una kiasi gani, chati ya vitals (presha, mapigo, joto) mara ya mwisho imejazwa saa ngapi, mgonjwa asiyejigeuza mgongo wake ukoje na aligeuzwa lini, huyu anatakiwa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili na kidonda cha mgongoni hakijifichi ukimfunua shuka.

Angalizo moja kubwa: siri za mgonjwa haziongelewi kitandani. Hali ya VVU, mimba iliyotoka, mgonjwa aliyejaribu kujidhuru, hayo yamalizeni mezani kwa sauti ya chini kabla hamjaanza kuzunguka. Vitanda vyetu vimebanana na jirani ana masikio.

Halafu mkimaliza wagonjwa, kabati la DDA (dawa kali zinazodhibitiwa kisheria) lihesabiwe na wote wawili wasaini, toroli ya dharura ifunguliwe iangaliwe. Yote hayo kwa wodi ya wagonjwa ishirini na kitu yanachukua kama dakika ishirini hadi thelathini mkizoea.

Watapinga, na wana sababu. Aliyelala macho anataka kuwahi daladala, ana mtoto wa kupeleka shule. Shida mara nyingi inaanzia kwa anayeingia, zamu inaanza saa moja na nusu yeye anafika saa mbili kasoro, sasa muda wa kukabidhiana atautoa wapi mwenzake? Kwa hiyo shughulika na wanaoingia kwanza, na njia pekee niliyoona inafanya kazi ni inchaji mwenyewe kuwepo pale kabla ya zamu, kila siku, mwezi mzima, unazunguka nao bila kunyang'anya maneno. Wiki ya kwanza watanung'unika, wiki ya tatu utakuta wanaanza bila wewe.

Chagua tatizo moja, ulihesabu

Hapa ndo wengi tunapotea. Timu ya uboreshaji wa huduma inakaa, inaorodhesha matatizo kumi na nane, inaandika mpango kazi wa kurasa sita, mwaka unaisha hakuna hata moja limeguswa. Chukua moja. Liwe dogo, liwe linaumiza wagonjwa kweli, liwe ndani ya uwezo wa wauguzi.

Nitumie mfano wa leba, chumba cha kujifungulia, maana ndo hospitali nyingi damu inapomwagika, kihalisia kabisa. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaua akina mama na tatizo kubwa ni kwamba macho yetu yanakadiria damu chini ya ilivyo, shuka limelowa, damu nyingine imeshuka kwenye ndoo, wewe unaandika mililita 200. Ule utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, ulimwekea mama chini shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya kupimia damu, na ikionekana inazidi basi matibabu yote yanatolewa kwa mkupuo, kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, kumkagua mama na kuita msaada, bila kusubiri kimoja kishindwe ndo uende kingine. Matatizo makubwa, yaani mama kutokwa damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu au kufa, yalipungua kwa asilimia 60. Na kule kulikokuwa na mfuko wa kupimia waligundua kama 93 katika kila mia waliokuwa wanatoka damu kupita kiasi, kwingine walikogundua kwa macho ni kama nusu tu. Soma hapo tena. Nusu ya akina mama wanaovuja tulikuwa hatuwaoni na tumesimama pembeni yao.

Sasa wewe labda hayo mashuka huna. Sawa, ila mama aliyejifungua anatakiwa aangaliwe kila dakika 15 kwenye ile saa ya kwanza, damu, mfuko wa uzazi umekaza au umelegea, BP, mapigo, na hilo halihitaji mfadhili. Kwa hiyo lengo lako liandike kwa lugha ya kueleweka na kila mtu mpaka mwanafunzi wa field: kila mama aangaliwe mara nne ndani ya saa ya kwanza na iandikwe. Kila Ijumaa chomoa mafaili kumi bila kuchagua, hesabu mangapi yamejazwa yote manne. Tuseme ni mawili. Weka nukta kwenye karatasi ya miraba iliyobandikwa pale wanapokunywa chai, usiipeleke korido ambako wagonjwa wanapita. Ijumaa ijayo nukta nyingine.

Na usianze kugombeza kwa sababu ni mawili. Uliza kwa nini, ukijibiwa uliza tena kwa nini. Kwa nini hawapimi? BP mashine haipo. Kwa nini haipo? Iko wodi ya baada ya kujifungua. Kwa nini iko huko? Ya huko mkanda umepasuka tangu mwaka jana. Kwa nini haujabadilishwa? Hakuna aliyeandika ombi, kila mmoja alijua mwenzake kaandika. Umeona, ulikuwa unakaribia kumwandikia mtu barua ya onyo na kumbe tatizo ni mkanda. Utakuta na vingine, mafaili yanakaa ofisini mita thelathini kutoka kitandani kwa hiyo mtu anapima anakumbuka kichwani anakuja kuandika mwisho wa zamu kwa kubuni, tufanyeje, weka ubao wa kuandikia kwenye miguu ya kitanda. Saa ya ukutani imekufa betri, mtu atajuaje dakika 15 zimepita? Jaribu badiliko moja kwa wiki moja, kwenye zamu moja, likifanya kazi lipeleke zamu zote, likishindikana litupe bila aibu ujaribu lingine.

Data za kubuni nitaziongelea kidogo kwa sababu ni ugonjwa wetu. Ukitumia zile namba kuadhibu, kesho yake mafaili yote kumi yatakuwa yamejazwa vizuri, mapigo 80, 80, 80, 80, BP 120 kwa 80 mfululizo, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Hapo umeharibu kila kitu, huna tena namna ya kujua ukweli.

5S: usiifanye ya wageni

Hii mnaijua wote, ule utaratibu wa kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ilianza hapa kwetu 2007 kwenye Hospitali ya Rufaa Mbeya kwa msaada wa Wajapani kupitia JICA, mfano wakiwa wameuona Sri Lanka kwenye hospitali ya akina mama ya Castle Street pale Colombo, baadaye ikasambaa hospitali za mikoa na nyingine nyingi. Ni kitu kizuri sana, ila ilipofika sehemu nyingine imegeuka kuwa lebo za rangi na mistari ya tepu sakafuni inayofufuliwa wiki ya ukaguzi.

Ushauri wangu, usianze na ofisi wala stoo ya mashuka. Anza na toroli ya dharura. Toa vyote juu ya meza, utakuta adrenalini iliyopita muda, laringoskopu (ya kuangalia njia ya hewa) isiyo na balbu, ambu bag (mfuko wa kupulizia hewa) ya mtoto imekosa maski, na mabunda ya gozi yasiyohusika kabisa. Baki na vya dharura tu, kila droo kazi yake moja, orodha imebandikwa kwa nje, halafu funga kwa kile kiplastiki cha kukatika au hata plasta iliyosainiwa na tarehe, ikikatwa ina maana imetumika na aliyeitumia anairudishia vitu kabla hajatoka zamu. Jaribio lake ni rahisi, mwite mwanafunzi mgeni mwambie leta kanula ya kijani na traneksamiki, mpime kwa saa. Akizidi nusu dakika bado hujaseti.

Na friji ya oksitosini. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, kuna kipimajoto humo? Kuna mtu anaandika? Kama ndani kuna chupa ya soda ya mtu na sahani ya wali, unajua la kufanya.

Kuhusu kunawa mikono sitaongea mengi, nyakati tano za WHO ziko ukutani kila hospitali na hakuna anayezisoma. Hakikisha tu koki inatoa maji, na isipotoa kuna ndoo yenye koki, sabuni ipo, na kitakasa mikono kiko pale kitandani mkono unapofika. Mtu hatembei wodi nzima kwenda kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, hata umhubirie vipi.

Mafunzo mafupi, mara nyingi, hapo hapo kazini

Tunapenda semina za hotelini, tusidanganyane, posho ina utamu wake. Lakini kuna funzo zuri limetoka Hospitali ya Haydom kule Manyara. Waliwafundisha wakunga siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwenye mwanasesere wote wakawa hodari, ila walipowaangalia leba na watoto wa kweli kazi ilikuwa ile ile kama zamani. Baadaye wakabadili, mwanasesere akawekwa leba, mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo kazini, na vifo vya watoto ndani ya masaa 24 vikashuka kutoka kama 11 kwa kila elfu moja hadi kama 7.

Igiza hiyo. Asubuhi baada ya kukabidhiana, dakika kumi, tukio moja. Mtoto katoka halii, nenda. Dakika moja ya kumkausha, kumsisimua na kuanza kumpulizia hewa kama hapumui. Kesho yake mama anadegedeka kwa kifafa cha mimba, nani anakimbilia magneziamu (dawa ya kuzuia degedege), nani anamlaza ubavu, nani anapiga simu. Zamu ya usiku nao wapate, maana dharura nyingi zinawakuta wao.

Fanyeni mazoezi ya simu pia, hili ni la bure kabisa. Tofautisha "Dokta njoo leba kuna mama hali yake sio nzuri" na hii hapa: "Dokta, ni nesi wa zamu leba. Mama kitanda namba 4, uzao wa nne, kajifungua nusu saa iliyopita, damu imefika mililita 600 na bado inatoka, mapigo 118, BP 90 kwa 60. Nimeshasugua mfuko wa uzazi, oksitosini na dripu vinaingia, traneksamiki nimempa. Naomba uje sasa hivi." Daktari akipigiwa hiyo ya pili anakuja na viatu mkononi. Ile ya kwanza anauliza maswali sita halafu anasema nakuja, na wewe unaandika kwenye faili daktari kajulishwa.

Watu wako

Wapo waliokuzidi umri na uzoefu. Yule uliyekuwa unamwita dada au mama endelea kumwita hivyo hivyo, cheo hakifuti hilo, ila akikosea mwite pembeni umwambie, usimwache kwa sababu ya heshima na usimwambie mbele ya wagonjwa. Kabla hujaleta badiliko lolote wodini, mpelekee yeye kwanza umuulize mama, hili litakwama wapi? Atakuonyesha mashimo matatu ambayo hukuyaona, na kikaoni atakuwa upande wako.

Rosta iwe ya haki na itoke mapema. Sijui kitu kinachoua ari ya kazi kama rosta inayobandikwa Jumapili jioni yenye majina yale yale usiku kila mwezi na rafiki wa inchaji ana mchana na wikiendi zake. Na usipange enrolled (wauguzi wa ngazi ya cheti) wapya wawili peke yao usiku eti namba imetimia.

Kosa likitokea, dawa imepewa mgonjwa siye, swali la kwanza ni mgonjwa anaendeleaje, la pili ilitokeaje, na jina la mtu lije mwisho kabisa kama litahitajika. Mara nyingi utakuta chupa mbili zinafanana zimekaa shelfu moja, au wagonjwa wawili wenye jina moja wamelazwa karibu. Mfumo wetu wa kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga nao unasema hivyo hivyo, hakuna kutaja jina wala kulaumu, japo tunajua wote baadhi ya vikao vinavyokuwa mahakama. Anayekosea kwa uzembe wa kurudia rudia na ulevi huyo ana utaratibu wake, peleka kwa muuguzi mkuu, usimlee. Lakini wengine wakiona anayeripoti kosa ndo anayesulubiwa, hutaambiwa tena, na makosa yatakuwepo vile vile.

Kupanda juu na maombi

Baada ya miezi mitatu utakuwa na karatasi yenye nukta zako. Hiyo ndo silaha. Ukienda kwa mganga mfawidhi ukisema tuna upungufu wa vifaa, atakuambia nchi nzima ina upungufu. Nenda na ukurasa mmoja: tulikuwa mafaili mawili kwa kumi, sasa saba, hatuwezi kuvuka saba kwa sababu BP mashine ni moja kwa vitanda sita, naomba mbili, bei ya sokoni ni hii hapa na hii ni proforma (makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji). Mpe pia mfamasia nakala kama ombi linagusa dawa, na mtu wa vifaa tiba kama ni mashine, wasije wakasikia kikaoni.

Wahi msimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini mipango ya hospitali na halmashauri inaandikwa miezi mingi kabla, ombi la Mei limeshachelewa hata liwe zuri vipi. Muulize katibu wa afya tarehe, andika kwenye kalenda.

Mwisho, tafuta wa kukushikia mapema, mtu mmoja anayejua kuchomoa mafaili ya Ijumaa, kuweka nukta na kukagua toroli, na mwachie afanye yeye wakati wewe upo ili akosee ukiwa karibu. Utaenda likizo, utaenda kusoma, au barua ya uhamisho itakuja kama ile ya uinchaji ilivyokuja. Siku ya kukabidhi mpe daftari la mabadiliko mliyojaribu pamoja na yaliyoshindikana na sababu zake, inchaji mpya asije akarudia yale yale, na funguo za kabati la glavu ziachwe kwa zamu ya usiku.